Pipa la Mama Léa

Nina mtoto. Siku aliyozaliwa alichemka bila moto, akapiga kelele mchana na usiku hadi jirani wakauliza kuna nini. Nikamfungia gizani. Sikumpa chakula, sikumpa maji, hata hewa nilimnyima. Miaka ikapita. Nilipomfungulia mlango, wazee walisimama kumpokea na padri akavua kofia. Nani huyo?

Fikiri, mjukuu wangu. Ukishindwa usinipe mji, maana miji ya wakati wa hadithi hii ina bariyeri nyingi za askari barabarani. Nipe kiti karibu na moto, na jibu utakutana nalo njiani.

Kavira alikuwa amepiga magoti pangoni mbele ya pipa, sikio ameliegemeza kwenye mbao kama mkunga anayesikiliza tumbo. Aligonga juu kwa kifundo cha kidole. Sauti ya utupu. Akashuka kidogo, akagonga. Utupu tena. Akashuka tena, na pale sauti ikawa nzito, na moyo wake ukawa mzito nayo. Divai ilikuwa imepungua kuliko alivyodhani.

Pango lile alilichimba baba yake, Papa Apollinaire Kasika, ubavuni mwa kilima chao, juu ya barabara inayotoka Butembo kwenda Beni. Ujanani alikuwa mpishi wa misheni, na padri mmoja mzee alimfundisha mizabibu. Watu wote pale walilima kahawa, ndizi na maharagwe. Yeye alichonga matuta, akapanda fito, jirani wakacheka hadi wakachoka. Matuta ya juu, karibu na mikaratusi, yanapigwa na baridi. Zabibu zake ni ndogo, nyeusi, ngozi nene, na divai yake ina ukakasi wa kufunga ulimi. Matuta ya chini yalikuwa na zabibu nyingine, kubwa na laini, zenye divai ya kuchekesha watu kwenye arusi. Nasema yalikuwa, kwa sababu vita ilipopanda kilima basoda, yaani askari, walipiga kambi huko chini. Zabibu wakazila, na fito zenyewe wakapikia muhogo.

Ikabaki divai ya juu peke yake, pipa moja. Na pipa hilo lilikuwa la Mama Léa, mama yake Kavira. Zabibu zake alizikanyaga yeye mwenyewe, kitenge amekifunga juu ya magoti, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti isiyo ya kanisani. Kabla maji ya zabibu hayajaacha kuchemka, homa ilimchukua. Hakuionja. Papa Apollinaire alifunga kizibo kwa nta ya nyuki na kusema hii haitakuwa ya Misa wala ya arusi. Hii itakuwa divai ya kulaza, ile ambayo mtu anaiacha gizani miaka mingi na kuifungua siku moja tu ya maana.

Umeshalijua jibu lako sasa, mjukuu wangu. Endelea kusikiliza, maana kitendawili kilikuwa chepesi. Kigumu kinakuja.

Pipa lilipunguaje? Muulize Tantine Kanyere, dada ya Papa Apollinaire, mpishi wa kasikisi asiyeshindwa Butembo nzima. Kasikisi, pombe yetu ya ndizi, inasema. Ikiwa hai inachemka, ikinyamaza imekufa. Siku moja Papa Apollinaire ameenda Kanyabayonga kutafuta chupa, Tantine aliingia pangoni, akaweka sikio kwenye pipa la wifi yake marehemu, akasikia kimya. Roho ikamruka. Akachota mitungi kadhaa, akatia unga wa mtama wa kukaanga ili aiamshe. Iliamka kweli. Ilifura, ikamwagika, ikawa uji mwekundu ambao nguruwe waliunywa wakalala hadi kesho yake mchana.

Na divai ikikaa katika pipa lisilojaa, inakunywa hewa. Ikinywa hewa inageuka siki. Papa Apollinaire alijua, Kavira alijua. Pipa linajazwa kwa divai nyingine nzuri ao linakufa. Divai nyingine ingetoka wapi?

Mahali pamoja tu. Bungulu, kule Beni, nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja.

"Kavira! Weye Kavira! Toka mu iyo shimo, kwiko bageni!"

Ilikuwa sauti ya Tantine Kanyere. Kavira alitoa kichwa nje, jua likampiga machoni.

"Bageni gani, Tantine?"

"Ule Muluba yako. Na katekista moja ya kizee. Banabeba kitu na muti mu mabega kama bale bapelelezi ba Kanani. Nawa uso, uko na utandu ya buibui mu kichwa."

Kavira hakunawa. Alisimama pale mlangoni pa pango, mikono imeshika kitenge, akamwangalia Blaise Kalala, yule mwalimu wa Bungulu, anavyopanda.

Alikuwa amekonda. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa tangu mvua za kwanza, na siku hizi ilifunguliwa siku moja moja tu, malori yakitembea kwa mstari na basoda mbele na nyuma. Hawakuwa wameonana tangu wakati huo. Barua Kavira aliwapa madereva, madereva wakazipoteza, lakini habari ya pipa ilimfikia Blaise kwa mdomo. Sasa aliinua macho, akamwona, na hatua yake ikakosea jiwe. Mzee aliyekuwa nyuma yake akayumba, na mzigo wao ukaning'inia kwenye mti: chupa kubwa ya tumbo, iliyofumiwa matete, aina ile ya misheni.

"Mwalimu, angalia fasi ya kukanyaga," mzee alisema. "Utamuangalia kisha. Yeye hapana kwenda fasi."

Kavira alicheka. Blaise akacheka naye, na kwa muda ule mfupi ilikuwa kama barabara haikufungwa hata siku moja.

Kavira alimjua Blaise miaka sita. Alikuja kama prof wa kemia aliyetumwa na leta, yaani serikali, kutoka Kasai kwa Waluba, akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi sukari inavyogeuka divai. Wanafunzi waliondoka jioni. Yeye akarudi Jumapili iliyofuata bila wanafunzi. Kavira alimpa fito za matuta ya chini akapande Bungulu, na Papa Apollinaire alisema kule kwa joto zitakufa. Hazikufa. Basoda walipochoma mizabibu mama huko kilimani, zile za Bungulu zilikuwa watoto waliobaki.

Ndani ya nyumba walikaa kwa heshima, kila mtu mahali pake. Papa Apollinaire kwenye kiti cha mikono, kofia gotini. Tantine Kanyere karibu na mlango, kwa sababu hakuna kitu kinachopita mlangoni bila yeye. Kavira kwenye mkeka. Yule mzee, jina lake Ananie, jirani wa Blaise kule Bungulu, alisimama kusema kwa niaba ya kijana, kwa kuwa wazazi wa Blaise walikuwa Kananga, na Kananga vita iliifanya kuwa mbali kama mwezi.

"Wabukire, Papa Apollinaire," Blaise alianza kabla hajapewa nafasi.

"Iyo ni salamu ya asubui, mutoto yangu," Tantine alisema. "Saa hii jua inarudi."

"Alijifunza moja tu," Ananie alisema. "Mais lakini aliijifunza njia yote. Donc basi, Papa Apollinaire, munatuona. Tumekuya juu ya ua moja tuliona mu lupango yenu, mu kiwanja hii. Tunaomba kama iko na mwenyewe, mutuambie turudi. Kama hapana mwenyewe, mutupokee."

"Na kasikisi iko wapi?" Tantine aliuliza.

Ananie alikohoa. Blaise aliangalia miguu yake.

"Tulitoka na bidon mbili ya kasikisi," Ananie alisema. "Ya muzuri. Bariyeri ya kwanza, basoda balisema mutuonjeshe. Bariyeri ya pili balisema mutuonjeshe bidon nzima. Ya tatu balisikia arufu ya ile ya pili."

"Donc munakuya kuposa mutoto ya batu na mikono mutupu."

"Hapana mutupu, Mama. Kwiko hii." Akaigusa ile chupa ya tumbo.

Tantine aliinama kuitazama, kisha akaruka nyuma. Kwenye karatasi iliyobandikwa shingoni palichorwa kichwa cha mfu na mifupa miwili chini yake.

"Apollinaire, banatuletea sumu!"

"Ni mimi nilichora, Mama," Blaise alisema. "Ni divai ya Bungulu. Niliambia basoda ni dawa ya laboratoire, inaunguza matumbo. Hii ilikuwa ya pipa, hapana ya kuposa. Ya kuposa njo ile basoda balikunywa."

Kavira alielewa kabla ya wengine. Aliiangalia ile chupa, aliangalia tumbo lake pana, akapima kwa jicho, na moyoni akasema: inatosha, inatosha pipa.

Papa Apollinaire alizungusha kofia gotini mara moja.

"Prof Blaise. Mi sina ubaya na weye. Uko na adabu, na Misa unaenda. Mais kwenu ni mbali. Na weye ni mutu ya leta. Leta inakamata mutu Beni, inamutupa Kisangani, kisha Kisangani inamutupa sijuwi wapi. Mi niko na huyu mutoto moja tu. Atasikia kufa kwangu mu redio?"

"Papa, leta hainikumbukake ata mwisho ya mwezi. Itanikumbuka kwa kunihamisha?"

Ananie na Tantine walicheka. Papa Apollinaire hakucheka.

"Unafanya mazaha."

"Hapana, Papa." Blaise aliacha tabasamu. "Benzangu ba Kasai balienda. Kila lori ilipofunguliwa njia, moja alipanda. Miye nilibakia na ile mizabibu. Mutu mwenye kutaka kwenda hapandake kitu yenye kuzaa kisha miaka tatu."

"Kitsa naye hapandi, mais mbuzi zake ziko hapa," Papa Apollinaire alisema. Éphraïm Kitsa alikuwa mfanyabiashara wa kitambaa mjini, mtoto wa kwetu, naye alishatuma watu mara moja kumposa Kavira. "Alisema atangoja hadi Noeli. Hapana zaidi. Mi nitafanya kama babu zetu. Kinywaji imefika, hata kama ni hii ya kichwa ya mufu. Nitamuuliza mutoto."

Ni lazima nikueleze hapa, mjukuu wangu, ili usimhukumu Kavira. Kwa akina Kasika, kinywaji cha mposaji hakiguswi hadi msichana aulizwe mbele ya watu. Akisema mukunywe, amekubali, na chombo kinamalizwa siku ile ile hadi kirudi kitupu. Tone likibaki ndani, watu wanasema ukoo umeshuku, na ndoa inaanza na ufa. Akisema musikunywe, chombo kinarudi kama kilivyokuja, na mwenye chombo harudi tena.

Papa Apollinaire alinyoosha mgongo.

"Kavira, mutoto yangu. Tukunywe ao tusikunywe?"

Watu wote walimwangalia. Blaise peke yake hakumwangalia; alikuwa amefumba macho.

Na Kavira alinyamaza.

Akisema mukunywe, Tantine angeita majirani, shemeji zao, wazee wa kilima kizima. Ile chupa ingekauka kabla ya jua kuzama, na pipa la mama yake lingegeuka siki bila mtu hata mmoja kulionja. Akisema musikunywe, divai ingerudi Bungulu na Blaise pamoja nayo, naye angebaki kuhesabu mbuzi za Kitsa. Akilini aliona miguu ya mama yake imekuwa myekundu hadi magoti. Aliona mikono ya Blaise, yenye alama ya kamba ya ule mti kiganjani. Ulimi ukafungwa kama ulioonja divai ya matuta ya juu.

"Anaona haya," Ananie alisema polepole. "Kwa basichana bengine kunyamaza ni ndiyo."

"Kwa mutoto ya Léa, hapana," Papa Apollinaire alisema. "Mama yake alipoulizwa, alijibu hadi mu barabara balisikia." Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Kavira?"

"Papa, munipe wakati kidogo. Nionje kwanza."

"Kuonja ni kukunywa," Tantine alisema.

"Papa yeye mwenyewe alinifundisha. Mutu ya divai anaonja na anatema. Mwenye kutema hajakunywa."

Tantine alifungua mdomo, akaufunga. Papa Apollinaire alikuna shingo. Sheria ya divai na sheria ya kuposa hazikuwahi kukutana katika nyumba ile, na hakuna aliyejua ipi inampisha mwenzake.

"Lete bilauri," alisema mwishowe. "Tutaonjea mu pango."

Blaise na Ananie waliibeba chupa hadi pangoni. Ananie akarudi nje kupumzika, akisema kifua chake hakipatani na giza. Kwa muda Kavira na Blaise walibaki wawili tu, na Tantine anaonekana pale juu akisugua bilauri kwa majivu, jicho moja kwenye bilauri na jicho moja kwenye pango.

"Kavira," Blaise alisema kwa sauti ya chini. "Kama ni hapana, uniambie hapa. Si mbele ya batu."

"Mi nilisema hapana?"

"Haukusema kitu. Njo mubaya zaidi."

"Ukisikia mi nanyamaza, hapana kutia maneno yako mu kinywa yangu."

"Bon. Nitatia nini?"

Kavira alimwangalia. Pale gizani uso wake haukuonekana vizuri, macho tu. Alitaka kumgusa pale kwenye alama ya kamba. Badala yake aliuweka mkono wake juu ya pipa, na baada ya muda Blaise akaweka wake karibu, vidole havikugusana, katikati imebaki nafasi ya mbao tu. Mbao ilikuwa baridi. Kavira alihisi joto la mkono ule kama mtu anavyohisi jiko la jirani ukutani.

"Uliionjaka, divai yako?" aliuliza.

"Kijiko moja, kila mwaka. Siku yako ya kuzaliwa."

"Na ile ingine yote?"

"Nilikungojea."

Papa Apollinaire aliinama mlangoni, Tantine nyuma yake na bilauri kwenye sinia, kama wanaingia Misa.

Kwanza walionja ya Bungulu peke yake. Kavira aliizungusha mdomoni. Ilikuwa na joto la Beni ndani, laini, inanukia matunda yaliyoiva hadi kupasuka, ikafungua mdomo wote, kisha ikapotea ghafla. Haikuwa na mifupa. Akatema kwenye ndoo.

"Mutoto ya matuta ya chini," Papa Apollinaire alisema alipokwisha kutema. "Mi nilifikiri zilikufa zote."

Kisha alivuta kidogo divai ya pipa la Mama Léa kwa mrija. Nyeusi kama wino. Ilikuwa imeanza kuchoka pembeni, na hilo lilimuuma Kavira kuliko kitu, lakini katikati yake ilisimama bado, imara, ngumu, kama mama mwenyewe mtu akimkosea. Wakachanganya sehemu moja ya Bungulu kwa sehemu tatu za kilima: bado ngumu. Nusu kwa nusu: laini mno, mama amepotea. Papa Apollinaire alivua koti. Alisahau kwamba kuna mposaji. Alimwambia Blaise shika mushumaa, inua, shusha, na Blaise akashika, akainua, akashusha.

"Mbili kwa moja," Kavira alisema. "Mbili ya Mama."

Alichanganya mwenyewe, akampa baba yake.

Papa Apollinaire alionja. Hakutema. Shavu moja lilivimba, macho yakafumbika, na kidole chake kikaanza kupiga polepole kwenye pipa, kama alivyozoea kumpigia Mama Léa anapoimba.

"Apollinaire," Tantine alisema. "Tema."

Alitikisa kichwa.

"Tema, naangalia shingo yako. Mutoto hajajibu."

Alitema, lakini kwa huzuni.

"Hii," alisema, na ikabidi aanze upya. "Hii tukiilaza, itasimama. Miaka kumi. Labda zaidi. Padri mzee alikuwa na moja tu kama hii, hakuwahi kuifungua." Kisha alikumbuka, na uso ukafunga. "Mais hatuwezi. Jibu kwanza, Kavira. Mi hapana mwanga divai ya mugeni mu pipa ya mama yako, kisha kesho unamukatala."

"Nikijibu kwanza, mutaimaliza."

"Njo desturi."

"Njo maana nilinyamaza, Papa." Kavira alishika ukingo wa pipa. "Nikisema mukunywe, Mama anakufa mara ya pili. Nikisema musikunywe..." Hakumwangalia Blaise, na kila mtu pale aliona kwamba hakumwangalia.

Toka chini barabarani ilisikika honi ya lori, ndefu, ya kwanza. Malori yalikuwa yanarudi Beni. Yangeita mara tatu, na yakiondoka, hakuna ajuaye njia ingefunguliwa tena lini. Ananie aliita kutoka nje: "Mwalimu, banatuita."

Blaise aliweka mshumaa juu ya jiwe. Akajipangusa mikono.

"Papa Apollinaire, muimwange," alisema. "Yote. Mujaze pipa."

"Na jibu?"

"Ata akinikatala. Mi niliileta juu ya pipa. Ya kuposa balikunywa basoda. Kama anakwenda kwa Kitsa, aende. Mais ile ya Mama Léa isikufe juu yangu."

Papa Apollinaire alimwangalia kwa muda mrefu, kama anavyoangalia bilauri akiishika mbele ya mwanga. Walimu, wafanyabiashara, wapokea kodi, wote aliwaona kwenye mlango wake wakiomba kitu. Huyu alikuwa anaacha.

"Mungoje kwanza," Tantine alisema, na wote wakageuka kwake wakidhani anakataza. Alikuwa anasugua mikono, na uso wake una kitu ambacho Kavira hakuwahi kukiona kwake, kitu kama aibu. "Mi njo niliharibisha iyo pipa, na mutama yangu. Donc mi njo nitasema. Desturi inataka nini? Chombo irudi mutupu. Nani alisema imwangwe mu tumbo? Ikimwangwa mu pipa, chombo iko mutupu. Mutupu ni mutupu. Tunaikunywa, tu tunaikunywa pole pole, miaka kumi. Mutu aniambie iko wapi makosa."

Papa Apollinaire aling'oa kizibo cha pipa.

Walimimina. Blaise alishika chupa kwa chini, Papa Apollinaire kwa shingo, Kavira akaelekeza mrija. Divai ya Beni ilishuka ndani ya divai ya Butembo bila kelele. Kavira aligonga mbao. Utupu ulipanda, ukapanda, ukafika mdomoni, ukaisha. Kizibo kilipoingia, tone moja jekundu liliruka likatua kwenye mkono wa Blaise, na hakulipangusa.

Honi ya pili.

"Imebakia," Tantine alisema. Aliitikisa chupa. Chini kabisa palisikika kitu kidogo, kadiri ya kikombe. "Pipa imejaa. Na chombo haiwezi kurudi na kitu."

Papa Apollinaire alichukua kikombe chake cha bati, akamimina hadi chupa ikamaliza kulia. Ilikuwa ya Bungulu tupu, haikuchanganywa na kitu. Akakiinua. Alimwangalia mgeni huyu mwenye tone mkononi, kisha alimwangalia binti yake. Hakuuliza tena. Alikwisha uliza.

Akapiga funda moja, akaishikilia mdomoni.

Hakutema. Hakumeza. Mashavu yote mawili yalivimba, nyusi zimepanda, mzee mzima na heshima yake amesimama gizani kama mtoto aliyeiba asali. Tantine alichungulia shingo yake. Blaise hakufumba macho safari hii. Chini, honi ya tatu ikalia na injini zikaanza kunguruma, na Kavira akavuka ile nafasi ndogo ya mbao, akaushika mkono wenye alama ya kamba.

"Hapana kutema, Papa," alisema. "Mukunywe."